Kona Niliyoona Haya Kuiunguza

Siku ninayokusimulia, mwanangu, naikumbuka mpaka harufu yake. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nimeshapita Ushetu kwenye tumbaku na Nyahanga kwenye karakana ya kuchomelea, na kote huko niliondoka kabla sijazoeleka. Geita ndiko nilikodumu, kwa sababu ya mashine ya leza ya Mama Kulwa pale Kalangalala. Nilipenda kuuona ule mwanga mwembamba ukipita kwenye akriliki, ile plastiki ngumu, na kuacha ukingo unaong'aa kama kioo. Hadi leo nikipita mji wenye karakana ya namna ile husimama mlangoni kidogo.

Mama Kulwa alikuwa na sharti moja. Plastiki yoyote iliyoingia bila karatasi ya kiwandani, tuijaribu kwanza. Unapasha waya wa shaba mpaka uwe mwekundu, unaugusisha kwenye kona ya plastiki, kisha unaurudisha motoni. Moto ukigeuka kijani, hiyo ni ndugu wa mabomba ya maji, haiingii kwenye mashine. Moshi wake hula chuma, na hula kifua.

Asubuhi hiyo mama alikuwa ametoka. Akaingia mzee mmoja, Masanja, mchimbaji wa zamani, na ubao mweupe wa plastiki aliouviringisha kwenye kanga. Nikamwamkia, marahaba yake ilitoka vipande viwili. Miaka mingi ya kutoboa mwamba mkavu ilikuwa imemharibu kifua, na zile hatua chache kutoka barabarani zilikuwa zimemmaliza. Nikampa kiti kando ya mashine.

"Huu ulikuwa juu ya duara letu," akasema, yaani shimo lao la dhahabu. "Mdogo wangu Luhende ndiye aliyeupigilia misumari. Tumemzika mwezi jana. Nichoree jina lake humu humu, nikausimike kaburini kule Bukombe."

"Ninayo akriliki nyeusi, mzee. Ingependeza zaidi."

"Ng'wanawane," akaniita mwanawe kwa Kisukuma, "hiyo akriliki yako Luhende aliijulia wapi?"

Ubao haukuwa na karatasi yoyote. Nilijua la kufanya. Waya ulikuwa umening'inia mbele yangu, kiberiti kilikuwa mfukoni. Lakini mzee alikuwa akiupangusa vumbi kwa kiganja, polepole, kama anayempangusa mtoto uso. Nikaona haya. Nitaiunguzaje mali ya marehemu mbele ya kaka yake? Nikaugonga kwa kucha, nikaukunja kidogo, nikajifanya nimeujua. Sisi tuliokaa machimboni tuna ugonjwa huo. Mtu analitazama jiwe kwa jicho moja na kutangaza kwamba lina mali.

Herufi ya kwanza ilitoka kahawia, chafu. Ya pili ikaleta harufu chachu, kali, kama maji ya betri. Hapo ndipo nilipotakiwa kuzima na kumtoa mzee nje. Mimi nikafungua mfuniko nichungulie, na moshi wote uliokuwa ndani ukatoka kwa mkupuo.

Macho yalijifunga yenyewe. Nilipapasa swichi nikaizima, na nyuma yangu nikasikia kiti kikianguka. Masanja alikuwa amepiga magoti, mdomo wazi, hewa haiingii. Hakukohoa, mwanangu. Afadhali mtu akikohoa. Nikamshika makwapani nikamburuta hadi mlangoni. Mlango tulikuwa tumeufunga kuzuia vumbi la barabara, na komeo likagoma. Nililipiga kwa kisigino mara tatu, sijui nne, huku kichwa chake kikinilalia kifuani kizito.

Mama Kulwa ndiye aliyetukuta pale nje. Alininusa nguo, akasimamisha bajaji. "Usimlaze. Mkalishe."

Zahanati wakamwekea oksijeni. Nilikaa kwenye benchi mpaka jua likapinduka, sijui kama nimeua mtu. Mama alikaa kando yangu.

"Waya ulikuwepo?"

"Ulikuwepo."

"Na kiberiti?"

"Ninacho, mama. Niliona haya. Ubao wenyewe ni wa marehemu."

"Ukaona haya kumwunguzia kona," akasema taratibu, "ukamvutisha sumu. Ungemwambia tu. Yule kaingia mashimoni miaka yote hiyo, nani anaijua hewa mbaya kumpita yeye?"

Jioni mzee alifumbua macho, akaivuta maski pembeni. "Umefika herufi ya ngapi?"

"Ya pili."

"Basi malizia kwa mkono."

Herufi tano zilizobaki nilizichonga kwa kisu, siku mbili, kando ya kitanda chake, naye akinikosoa kila mstari. "Hiyo N imelewa," alisema, nami nilishukuru kusikia anapata pumzi ya kunitania.

Basi, mwanangu, wewe uliyepata kazi kwenye mashine hizi, plastiki usiyoijua ijaribu hata kama mwenyewe amesimama hapo. Mweleze: "Mzee, nisamehe, lazima niunguze kona." Atakuelewa. Asipokuelewa, aondoke na ubao wake akiwa anapumua. Na ukisikia harufu ngeni, zima, toa watu nje, mfuniko usiuguse. Haya yako isikuzibe mdomo mahali ambapo neno moja lingemlinda mtu.

Mungu akutulizie mikono, akupe na ulimi wa kusema mapema. Na kila atakayeingia kwako kwa miguu yake, ajaliwe kutoka kwa miguu yake.