Unga wa Mke wa Msagaji

Mtaani walimwita Mweupe, ingawa alikuwa mweusi tititi. Miaka ishirini ya kusaga nafaka ilikuwa imempaka unga hadi kwenye kope, na watoto walibishana kama hata jasho lake lilikuwa uji. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Nguo aliyoishona yeye ilikukaa mwilini kama umezaliwa nayo.

Kisha mkewe akaanza kukonda. Tumbo lilijaa gesi, likaharisha, likamwacha hoi. Baadaye vidole vikafa ganzi, akawa hajui kama ameshika uzi au hajashika. Walihangaika na dawa za minyoo na za vidonda vya tumbo miaka mitatu, mpaka daktari mmoja alipompima akasema ni seliaki. Mwili wake, alieleza, ukikutana na ngano unajipiga wenyewe. Ndani ya utumbo kuna vinyweleo vidogo mno vinavyonyonya chakula. Vyake vilikuwa vimelala kama manyoya ya zulia lililokanyagwa.

"Dawa yake nini, daktari?" aliuliza Mweupe.

"Chakula tu. Asiguse ngano, shayiri wala rai, ile nafaka ya Ulaya, maisha yake yote, hata chembe. Mahindi, mchele, viazi, maharage, ruksa. Tumbo litapona. Vidole navyo huenda vikaamka, ila havitasubiri sana."

Mweupe alitoka pale kifua mbele. Msagaji ashindwe na unga? Mkate ukapigwa marufuku nyumbani, kwa mkubwa na mdogo. Kila Jumamosi alichagua mahindi mwenyewe, akayapeta, akayaosha, akayaanika. Na kwa kuwa adabu ya msagaji ni mteja kwanza, ya nyumbani mwisho, aliyasaga wakati wa kufunga kazi, ngano ya waoka mikate ikishatoka.

"Kula, mama watoto," alimbembeleza. "Huu nimekusagia kwa mkono wangu."

Naye alikula. Hata siku asizokuwa na hamu alikula, asimvunje moyo. Mwaka ukapita, wa pili ukaingia. Mwili haukurudi, na ganzi ikapanda hadi viganjani. Mweupe akaanza kumtilia shaka.

"Hebu niambie ukweli. Wateja wako hawakuletei mkate?"

"Mimi?" Machozi yalimlengalenga. "Yaani nidokoe kifo changu mwenyewe?"

Siku moja mama muuza uji alivamia mashineni na kopo la unga. "Wewe Mweupe, vumbi limekupofua? Nilileta mahindi matupu, huu mbona una ngano?"

Jibu alikuwa nalo mdomoni, lile lile la miaka ishirini. "Ah, dada, hiyo ni kilo ya kwanza tu. Siku zote ina cha mwenzio aliyekutangulia. Mawe ya mashine hayafuliwi, ati."

Mama muuza uji akacheka.  Mweupe akazima mashine, foleni ikiwa imefika barabarani, akaenda nyumbani na vumbi lake.

Alimkuta mkewe amejipumzisha. "Ni mimi," alisema, akiwa bado mlangoni.

"Wewe nini?"

"Ngano. Nilikuwa nakusagia juu ya ngano ya watu. Kila Jumamosi."

Mkewe aliinuka, akaketi. "Nami nilikuwa najilazimisha kula," alisema.

Unga haukuingia tena nyumba ile. Mke alikula wali na viazi, na wiki chache baadaye tumbo likatulia, mashavu yakaanza kujaa. Majirani walimpongeza. Yeye aliitikia tu, huku vitambaa vya watu vikiwa vimekunjwa kabatini bila kukatwa.

Baada ya miezi minane walirudi kwa daktari. Alimwambia afumbe macho, anyooshe mkono, aseme ni kidole gani kinachochomwa. Akatoa sindano. Akachoma kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mweupe alitazama tone la damu likivimba kwenye kidole cha kati, likateremka.

Mkewe alisubiri kwa utulivu, macho kayafumba vizuri kama alivyoagizwa.

"Daktari," alisema, "mimi niko tayari. Anza."