Bunduki Iliyopimwa Begani Mwangu

Asubuhi ile baba aliponiambia niegeshe gari mbele ya duka la silaha, nilijua nitakaa ndani ya gari na kiyoyozi, nimngoje. Dereva wa nyumbani huko Riyadh hungoja sana. Kuendesha ni sehemu ndogo tu ya kazi. Lakini hakukaa hata kidogo dukani. Alirudi mlangoni akanipungia mkono.

"Yalla, ingia."

Baba ndivyo nilivyomwita kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, ingawa alinizidi umri kwa miaka michache tu. Alikuwa mhandisi, mpole, mtu wa kukuagiza jambo bila kukueleza linahusu nini. Nilimfuata ndani. Muuzaji, Msudani mrefu mwenye miwani, alinitazama kuanzia viatuni hadi kichwani, akatoa utepe kama wa fundi cherehani. Akaniambia nikunje kiwiko, akapima kutoka kwenye mkunjo hadi ncha ya kidole. Akapima shingo. Akapima upana wa mabega. Siku hizo madam, mke wa baba, alikuwa akisema madereva wa jirani wanavaa sare, kwa hiyo nikasimama wima nikiamini nashonewa suti, japo sikuelewa suti gani inashonwa kati ya bunduki.

Kisha akanipa bunduki.

Sikuwa nimewahi kushika bunduki. Nakuru nilikuwa soja wa ghala, na silaha yangu ilikuwa rungu na tochi. Ikama yangu, kile kibali cha ukaazi, iliandikwa dereva wa nyumbani, basi. Nikamtazama baba nione kama ni mtihani.

"Iweke begani," akasema. "Inakaaje?"

"Inakaa vizuri, baba."

"Usiniambie cha kunifurahisha. Kitako kinakugusa shavu au hakikugusi?"

"Kinagusa."

"Nzito?"

"Si nzito sana. Si nyepesi pia."

Akaguna. Msudani akaichukua, akanipa nyingine, halafu nyingine. Zote zilikuwa bunduki za marisau, zile zinazotoa chembe nyingi ndogo badala ya risasi moja, na zote zilikuwa na mitutu miwili, mmoja juu ya mwenzake. Waliziita kwa namba. Hii kumi na mbili, hii ishirini, hii ishirini na nane. Lakini ile ya kumi na mbili mdomo wake ulikuwa mpana kuliko wa ishirini, na ya ishirini na nane ilikuwa nyembamba kama bomba la baiskeli. Kadiri namba ilivyopanda, ndivyo mtutu ulivyopungua. Nikadhani Kiarabu changu kimeniangusha tena. Nikamwomba Msudani anieleze taratibu.

"Chukua ratili moja ya madini ya risasi," akasema. "Igawe mafungu kumi na mawili, kila fungu ulifinyange liwe goroli. Goroli hiyo ndiyo inayoingia kwenye mtutu wa kumi na mbili. Ukigawa mafungu ishirini, goroli zinakuwa ndogo, na mtutu pia."

Hapo nikaelewa, nikajisikia vizuri. Ndipo nikaona ukutani bunduki nyembamba kuliko zote, imeandikwa mia nne na kumi.

"Na hiyo? Goroli zake ni mia nne?"

"Hapana. Hiyo haifuati hesabu ya ratili. Hiyo ni upana wenyewe umepimwa. Iache."

Nikaiacha, lakini kichwa changu hakikurudi mahali pake siku nzima.

Wao wawili wakaanza kubishana. Baba alitaka ishirini. Alisema hajal, yule kwale wa milimani, hulipuka kutoka kwenye mawe na kwenda mbali upesi, na marisau machache hayamfikii. Msudani alisema ishirini na nane inatosha kwa hajal aliye karibu, inatosha pia kwa visahani vya udongo vinavyorushwa hewani kwa mazoezi, na teke lake begani ni dogo. "Kwa bega hili," akasema akigonga bega langu, "mimi ningechukua ishirini na nane. Ila isiwe nyepesi mno. Bunduki nyepesi husimama njiani. Inatakiwa itembee pamoja na ndege."

Nikatazama bega langu. Lilikuwa limebeba magunia ya mahindi tangu utotoni. Sikuona lina kasoro gani hata lichaguliwe teke dogo.

"Wewe unasemaje?" baba akaniuliza.

Nani huyo anayemwuliza dereva? Nikanyoosha kidole kwenye ile ya ishirini na nane iliyokuwa begani mwangu, kwa sababu mkono ulikuwa umechoka na nilitaka wanyamaze. Wakaichukua hiyo.

Ijumaa nikaenda mtaa wa Shumaisi kwa rafiki yangu, Mkisii aliyekuwa mlinzi wa jengo. Nikamweleza yote. Aliacha kukanda unga wa chapati akanikazia macho.

"Umepimwa bega?"

"Nimepimwa."

"Basi umeshakuwa bodigadi. Wamekuongeza chochote?"

"Hawajasema kitu. Na mgeni hapa haruhusiwi kumiliki bunduki, hata ya ndege."

"Kwani ametaja jina lako? Bunduki itakuwa yake, mkono wa kupiga utakuwa wako." Akafikiri. "Ukiambiwa uipige, sema una ugonjwa wa macho."

Tulikula chapati zile bila ladha. Alinisindikiza hadi barabarani, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

Wiki iliyofuata baba akaniambia tunakwenda Jidda, mimi na yeye tu, na bunduki kwenye buti. Kwenye kizuizi cha barabarani askari aliuliza kilichomo. Baba akatoa kibali chake, akateremka, akafungua mwenyewe. Mikono yangu ilibaki juu ya usukani mahali inapoonekana. Tulipoachiwa, nadhani aliona jasho langu, maana ndipo alipoanza kueleza.

"Ni ya baba yangu," akasema. "Wewe na yeye mko sawa. Urefu, mikono, shingo. Siku moja ulikuwa ukiosha gari umenipa mgongo, nikakuita kwa jina lake."

Alisema walikuwa wakienda Moroko pamoja kila majira ya baridi kuwinda hajal. Halafu mzee akaacha. Alisema bega linamuuma kwa teke la ile kumi na mbili yake ya zamani. Sasa alikuwa akishinda sebuleni na televisheni. Mwana alitaka kumletea bunduki laini bila kumwambia, ndiyo maana akapima mtu mwingine.

Nilipumua. Lakini mbele kidogo wazo jingine likaniingia: yeye ndiye aliyenichagua kwenye picha za wakala, kabla hata sijapanda ndege. Alichagua dereva au alichagua umbo? Sikujua nimwulizeje.

Nyumba ya mzee ilikuwa Al-Hamra, karibu na bahari. Alipotokea mlangoni nilishtuka. Sura haikuwa yangu, lakini jinsi alivyosimama, bega moja chini kidogo, niliijua kwa kujiona kwenye vioo. Akamkumbatia mwanawe, akanitazama, akauliza natoka wapi. Nikasema Kenya.

"Ndoo hapa," akasema.

Nikageuka kutafuta ndoo. Nilitazama nyuma ya mlango, nikatazama kando ya bomba la bustani. Mzee akacheka.

"Wewe mtu wa bara. Nimekwambia njoo."

Alikuwa amelelewa Mombasa, dukani kwa mjomba wake, hadi akawa kijana wa kuoa. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Mji wa Kale, na kilinipita mbali. Mwanawe hakujua hata neno moja. Alitutazama tukiongea kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Mzee aliipokea bunduki kwa mikono miwili, akaifungua, akachungulia mitutu, akaifunga. Ilimkaa kama aliyoshonewa. Baba alifurahi mno. Kesho yake asubuhi tukaenda kwenye uwanja wa kulengea shabaha nje ya mji.

Mzee alikosa kisahani cha kwanza. Akakosa cha pili. Akaendelea kukosa, visahani vikipita vizima na kwenda kuvunjikia mchangani. Msimamizi wa uwanja alisema risasi zinapita kushoto. Baba akasema ni bunduki. Marisau ya ishirini na nane ni machache. Akaazima ishirini kwa mtu aliyekuwa pale. Mzee akakosa kwa hiyo pia, na sasa bega likamuuma kweli. Njiani kurudi baba alikuwa akinilaumu bila kusema. Mimi ndiye niliyenyoosha kidole dukani.

Jioni mzee aliniita kibarazani. Baba alikuwa ndani akiongea na simu, akitafuta duka la kubadilisha bunduki.

"Kijana, bunduki haina makosa," mzee akasema. "Jito langu limekufa."

Nikaona mto mkubwa umekauka mahali fulani, labda shamba alilokuwa nalo zamani. Nikasikitika. "Pole, mzee. Lilikuwa linapita wapi?"

Akacheka hadi akakohoa.

"Jito. Hili." Akagusa chini ya jicho lake la kulia. "Nyinyi mwasema jicho. Halioni tena, ni kiza kitupu. Hilo la kushoto zima. Nikiweka bunduki bega la kulia, jito la kushoto ndilo latazama, na risasi zaenda kwake."

"Kwa nini usimwambie mwanao?"

"Nikimwambia, kesho atanipokonya funguo za gari, kesho kutwa ataniletea mtu wa kunishika mkono. Bega ni ugonjwa wa mzee yeyote. Jito ni jambo jingine." Akainua kidole. "Simwambie."

Nilikaa pale nikiwa sijui niko upande wa nani. Mshahara wangu ulitoka kwa mwana. Siri nilipewa na baba yake, kwa lugha yangu mwenyewe, lugha ambayo hakuna mwenyeji aliyekuwa ameniita nayo kwa heshima tangu nishuke kwenye ndege. Nikasema, "Sawa, mzee."

"Basi simama pale. Iweke bega la kushoto. Nataka kujiona."

Nikafungua bunduki nione kuwa ni tupu, nikaiweka kushoto. Haikukaa. Kitako kilikuwa kimepindishwa kidogo kwa ajili ya mtu wa bega la kulia, kikanibana taya. Mzee alizunguka akinitazama, akaniinua kiwiko, akanisogeza mguu, akarudi nyuma. Kisha akaichukua akafanya alivyoniona nikifanya. Asubuhi mbili au tatu zilizofuata, mwanawe akiwa bado amelala, tulifanya hivyo hivyo kibarazani. Mimi nasimama, yeye anatazama, halafu tunabadilishana. Kuna wakati nilisahau nani anamwiga nani.

Tuliporudi uwanjani, baba alikuwa amekuja na ishirini nyingine, ya kununua. Mzee hakuigusa. Aliitaka ishirini na nane, akaiweka bega la kushoto.

"Baba, hiyo siyo—" mwanawe akaanza.

"Rusha," mzee akamwambia msimamizi.

Akakosa. Akakosa tena. Cha tatu kilipasuka, kikawa vumbi jekundu hewani, na mzee akabaki amesimama vile vile, bunduki ikitazama mahali kilipokuwa.

Baba hakupiga makofi. Alimwendea baba yake kutoka upande wa kulia, polepole, akainua mkono wake karibu na uso wa mzee. Mzee hakugeuka. Akausogeza tena. Mzee bado alikuwa akitazama angani. Baba akashusha mkono, akarudi, akaiweka ile ishirini ndani ya sanduku lake. Nyumbani akasema tu kwamba ishirini na nane inabaki, ila itapelekwa kwa fundi akipindishe kitako kwa upande mwingine.

Majira ya baridi wakaenda Moroko, wao wawili. Nilimpokea baba uwanja wa ndege wa Riyadh. Nikamwuliza mzee amepata nini.

"Hajal mmoja. Halafu akaketi juu ya jiwe akawa ananionyesha walipo wengine." Tukaenda kidogo. "Ulijua kuhusu jicho?"

"Nilijua, baba."

"Kabla yangu?"

"Kabla yako."

"Mimi ndiye kafili wako," akasema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo.

"Ndiyo, baba."

Alitazama nje hadi tulipofika. Mwezi uliofuata alinipeleka Jidda nikae na mzee, nimwendeshe popote anapotaka, na zile funguo za gari la mzee akaniachia mimi. Hakuniambia kama nimeaminiwa au nimeondolewa mbele ya macho yake. Mzee naye alininunia siku nyingi kwa sababu ya funguo zile, kisha asubuhi moja akagonga kioo cha gari, akaketi kiti cha mbele, akasema tutafute duka la samaki huko mtaa wa Kandara alilokuwa akilipenda zamani. Tulizunguka sana na hatukuliona.