Siku Niliyokufa Mbele ya Wazazi kwa Kutonawa Mikono

Jamani, hili jambo sipendi kulisimulia, na ningekuwa na uwezo ningewaomba watu wote wa upande huu wa Ikungi walisahau, lakini kwa kuwa siku hizi hata nikienda mnadani watu wananiita Marehemu (na kuna vijana wadogo kabisa wananiamkia "shikamoo Marehemu" bila hata kutabasamu), nimeona afadhali mlisikie kutoka kwangu mwenyewe kuliko kulisikia huko njiani likiwa limeongezwa chumvi, ingawa kusema kweli halihitaji chumvi.

Mimi ni mwalimu wa hisabati na sayansi, nafundisha shule ya msingi moja huku jirani na Mungaa. Tangu nikiwa mwanafunzi mpaka naota mvi, tamthilia kwangu zilikuwa mambo ya watu walioshindwa hesabu, nilizisoma kwa ajili ya mtihani na nikazisahau nikiwa bado natoka mlango wa chumba cha mtihani. Sasa likizo moja binti yangu Rehema, anayesoma kidato cha tano Singida Mjini, akarudi nyumbani na mfuko wa tamthilia za zamani, za Wayunani wa kale na za mataifa mengine, zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, akaniambia, "Baba, nishikie kitabu, mimi ni malkia, wewe soma maneno ya mfalme." Nikakubali ili kumridhisha mtoto tu. Tulikaa nje ya jiko, mama yake anachambua mlenda, mimi nasoma kivivu kama mtu anayesoma tangazo la mbuzi aliyepotea, mpaka tukafika mahali mfalme anagundua kwamba balaa lote lililoiangukia nyumba yake amelileta mwenyewe kwa kiburi chake, na hapo maandishi yakaanza kuniogelea machoni. Nikajifuta kwa mkono wa shati.

Mke wangu akaacha mlenda, akaniangalia. "Baba Rehema, unamlilia mtu ambaye hata hajawahi kuishi?"

"Ni moshi," nikamwambia.

"Moto sijawasha," akasema.

Basi likizo nzima sikufanya kingine. Nilisoma nikichunga, nilisoma nikisubiri zamu ya kupukuchua alizeti, na kila nilipofungua ukurasa nilikuta watu ninaowafahamu, maana mle ndani kuna ndugu wanaogombea urithi, kuna binti anayebishana na mjomba wake kuhusu mazishi, kuna mama mkwe (huyo niliyemkuta mimi alikuwa mama mkwe wangu kabisa, sema tu alivaa taji). Nikawa najiuliza, hawa watu waliokufa zamani za kale, ambao hawajawahi kuliona hata jiwe moja la Singida, wametujuaje? Nilijisikia kama mtu aliyeishi miaka yote kwenye nyumba yenye chumba cha ziada na hakuna aliyemwambia.

Sasa shuleni nilikuwa pia mwalimu wa afya, na watoto wetu walikuwa wanasumbuliwa sana na matumbo. Kibuyu chirizi tunacho (lile dumu la kuning'inizwa, unakanyaga kijiti maji yanachirizika), sabuni ipo, wimbo wa kunawa mikono wanaujua wote, wanauimba vizuri mno, kisha wimbo ukiisha wanakimbilia chakula na mikono ileile iliyokuwa inachimba panya. Nikasema, wimbo umeshindwa, sasa tujaribu tanzia. Siku ya afya ilikuwa inakaribia, wazazi wangekuja, mtendaji wa kijiji, nesi wa zahanati, na afisa mmoja kutoka wilayani, nikaandika igizo la mfalme mwenye kiburi anayekataa kunawa mikono, na mtabiri anayemwonya na kupuuzwa, na binti mfalme anayemwombolezea babaye mwishoni mpaka watu wote wanakwenda kunawa huku wanalia.

Mtabiri alikuwa Tatu, msichana wa darasa la tano, mwembamba kama bua la mtama, darasani hasikiki hata akiitikia mahudhurio, lakini nilipompa yale maneno alisimama akayatoa kwa sauti ambayo sikujua anayo, mpaka watoto wengine wakaacha kutafuna miwa. Nilimwogopa kidogo, nasema kweli. Shida ilikuwa mfalme. Kila mtoto niliyempa ufalme alikufa huku anacheka. Na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo ulionifikisha kwenye umarehemu: nikasema, mfalme nitakuwa mimi mwenyewe.

Na kwa kuwa nilitaka watoto wapate huzuni ya kweli, sikumwambia mtu nitakufaje. Wala wazazi sikuwatangazia kwamba kuna igizo, maana niliona ukitangaza utamu unapungua.

Siku ikafika. Upepo wetu ule wa huku ulikuwa unavuma mpaka bendera inapiga kelele. Nilivaa pazia la sebuleni kama joho, taji la boksi lililofunikwa karatasi ya kung'aa, na ndani ya joho nikaficha mfuko wa nailoni wenye maji ya mchele na uji mwepesi. Chakula cha mfalme nilikitaka kiwe kizuri, kwa hiyo nilikwenda getini kwa Mama Zuhura, anayewauzia watoto maandazi, mjane mmoja msafi ambaye hata kitambaa cha kufunika ndoo yake kinanukia jua, nikamwomba sahani. Alifurahi! Alichagua yaliyoumuka vizuri, akayapanga kama anampelekea mkwe.

Ngoma na wimbo vikapita, nikaingia. Wazazi walidhani ni hotuba, wengine wakapiga makofi. Nikachimba udongo kwa mikono, nikatangaza kwamba damu ya kifalme haidhuriwi na uchafu, Tatu akaja mbele, akainua mkono, akasema, "Ee mfalme, kifo kimekaa kwenye kucha zako!" na nikaona bibi mmoja mstari wa mbele anatazama kucha zake, nikasema moyoni, tumewapata. Nikala andazi. Nikashika tumbo. Nikaubana ule mfuko chini ya kidevu, vitu vikamwagika mbele ya meza kuu kwa wingi ambao hata mimi sikuutarajia, nikazungukazunguka, nikaanguka chali, nikafa.

Kimya. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Nikiwa pale chini nimefumba macho nilikuwa najipongeza, maana Rehema aliwahi kuniambia kwamba watazamaji wakinyamaza kabisa ujue wameguswa.

Halafu mama mmoja akapiga yowe. Na mtendaji wa kijiji akanguruma, "Kipindupindu! Msimguse! Rudini nyuma wote!"

Nikasikia viti vinaanguka, watoto wanalia, watu wanaitana kwa Kinyaturu, na katikati ya vurugu nikamsikia Tatu anapaza sauti, "Anaigiza! Mwalimu anaigiza jamani!" na mtu anamkaripia, "Toka hapo wewe mtoto, utaambukizwa!" Na mimi, hebu fikirini upumbavu wangu, nilikuwa bado nimelala, kwa sababu mfalme hawezi kufufuka kabla binti yake hajaomboleza, nikawa namsubiri binti mfalme aanze, kumbe mtoto niliyempa nafasi hiyo ameshabebwa mgongoni na baba yake yuko nusu ya njia kwenda nyumbani.

Kilichonifumbua macho ni sauti moja iliyosema, "Amekula maandazi ya yule mama wa getini." Na nyingine, "Yamwageni! Yamwageni kabla hawajala wengine!" Kisha nikasikia ndoo inapigwa chini.

Nikainuka ghafla, niseme "Hapana!", na hapo ndipo nilipoharibu kabisa, maana wale waliokuwa wanamkimbia mgonjwa sasa wakawa wanamkimbia maiti. Nikakanyaga pazia, nikayumba, nikaangukia meza kuu, soda zikaruka, na mikono yangu yote miwili, yenye udongo na uji, ikatua kwenye suti ya afisa wa wilaya, kifuani, kushoto na kulia kama mihuri. Yule mzee wa watu alijitazama kifuani. Aliingia kwenye gari.

Nesi Paskalina hakukimbia. Huyo dada nitamheshimu mpaka kufa (kufa kwa kweli). Alivaa glavu, akanishika mkono, akaita bodaboda aliyekubali kwa shida, akanipandisha, akapanda nyuma yangu kunishikilia, tukaenda zahanati taji likiwa bado kichwani.

"Nesi, mimi siumwi. Naigiza."

"Wote huwa wanasema hawaumwi, Mwalimu. Kunywa ORS."

Nikanywa. Akanionyesha kitanda kile cha wagonjwa wa kuhara, chenye tundu katikati (mwenye kukijua anakijua), akaniambia nivue suruali nilale. Nikakataa. Akaniambia kwa upole kwamba wanaume ndio wanaokufa kwa sababu ya aibu. Nilikuwa nimeshika mkanda wa suruali kwa mikono miwili, yeye anachanganya pakiti ya pili, mlango ukafunguliwa, mke wangu akaingia anahema, kanga imekaa upande, macho mekundu. Akanitazama kichwani. Akanitazama mabegani. Uso ukabadilika.

"Pazia langu!"

"Mama Rehema, sogea nyuma," Nesi akasema. "Mgonjwa ana hali mbaya."

"Huyu haumwi," mke wangu akasema. "Huyu anasoma vitabu."

Nesi Paskalina akaninusa shingoni, akagusa joho kwa kidole cha glavu, akanusa tena. "Huu ni uji," akasema polepole, kisha akakaa kwenye kile kitanda chenye tundu na akacheka mpaka akalia.

Mimi sikuweza kucheka, maana ile sauti ya ndoo ilikuwa bado masikioni. Nikamwomba bodaboda anirudishe shuleni. Kundi kubwa lilikuwa bado limesimama getini, kwa mbali, na katikati ya uwazi walioacha alikuwepo Mama Zuhura, amekaa kwenye kigoda chake, maandazi yote yako mchangani, mikono ameilaza mapajani. Hakuwa analia wala kugombana. Pembeni yake alikuwa amesimama Tatu peke yake, amekataa kuondoka, bado anawaambia watu kwa sauti iliyokwisha kukauka kwamba lilikuwa igizo. Mtoto yule alikuwa ameyasema maneno hayo muda wote niliokuwa zahanati, mbele ya watu wazima, na hakuna aliyemsikiliza.

Nikashuka kwenye pikipiki, watu wakarudi nyuma. Nikapiga magoti pale kwenye mchanga, nikasema kwa sauti, "Jamani, Tatu anasema kweli. Siumwi. Nilikuwa naigiza, na sikuwaambia. Yale mliyoyaona ni uji wa mke wangu. Mama Zuhura, nisamehe, mimi ndiye niliyekumwagia riziki yako."

Mtendaji hakuridhika. "Tutaaminije?"

Nikaona njia ni moja. Chini ya kile kitambaa kilichobaki ndani ya ndoo iliyolala kulikuwa na andazi moja halijamwagika. Nikanyoosha mkono nilichukue, nile mbele yao. Mama Zuhura akaivuta ndoo.

"Mikono hiyo?" akaniuliza.

Nikaitazama. Ilikuwa bado na udongo wa kifalme, uji, soda, na vumbi la barabara. Na hapo watoto waliokuwa wamebaki, wale waliopanda juu ya ukuta na waliokuwa wamejificha nyuma ya mama zao, wakapiga kelele kwa pamoja, "Mwalimu, nawa!" Tatu akanishika kiwiko, akanipeleka kwenye kibuyu chirizi kama anamwongoza mzee, akakanyaga kijiti, nikanawa kwa sabuni mpaka kwenye kucha, kundi zima linanitazama kidole kwa kidole. Nikarudi, Mama Zuhura akanipa andazi, nikalitafuna lote nikiwa nimesimama, wakasubiri. Sikufa. Mtu wa kwanza kucheka alikuwa Mama Zuhura mwenyewe, na akicheka yeye, nani angeendelea kununa?

Kesho yake kabla ya jua mimi na mke wangu tulikuwa jikoni kwa Mama Zuhura tunakanda unga, na walimu wote, mwalimu mkuu mbele, walikuja kula maandazi getini kila mzazi aone. Mwalimu mkuu alinisema ofisini, sitawaambia alichosema, na barua ya kuomba radhi kwa yule afisa niliiandika mara nyingi kuliko lile igizo.

Lakini kitu kimoja sikukitarajia. Kila nilikopita, kisimani, kanisani, kwenye mashine ya kukamua alizeti, watu walinisimamisha, wananitania kwanza, kisha wanashusha sauti, "Ila Mwalimu, lile jambo liliishaje? Binti mfalme alisema nini?" Maana hawakuuona mwisho. Yule bibi wa mstari wa mbele alinijia hadi nyumbani kuuliza.

Basi tukalirudia, mwalimu mkuu akakubali kwa masharti, na sharti la kwanza lilikuwa mtu atangaze, mara tatu, kwamba hili ni igizo na hakuna mgonjwa. Mfalme alikuwa mtoto, na safari hii hakucheka. Yule binti mfalme wa mwanzo baba yake alimkatalia katakata, kwa hiyo Tatu alishika nafasi zote mbili, akatabiri, kisha akavua kitambaa kichwani, akapiga magoti akaomboleza. Mimi nilikaa nyuma kabisa, karibu na yule bibi. Alijua ni uongo, alikuwa amesikia tangazo mara tatu, anamjua hata mama yake huyo mfalme, na machozi yalikuwa yanamtiririka, anayafuta kwa ncha ya kanga.

"Bibi," nikamnong'oneza, "si umeambiwa ni igizo?"

"Nyamaza, Mwalimu," akasema. "Acha tulie."

Tamthilia nitasoma mpaka macho yaishe, na kuandika nitaandika, ila kufa mbele za watu, jamani, hilo nimewaachia wenye kipaji.