Kuingia Bila Kusalimia

Mwaka wangu wa kwanza baada ya chuo, nilikuwa daktari mwanagenzi katika wodi ya mahututi mjini Kasese, na kazi yangu kubwa ilikuwa kumtazama mama mmoja akipumua. Aliuza vitenge Bwera, mzaliwa wa Butembo ng'ambo ya mpaka, na nimonia ilikuwa imemwangusha hadi mashine ikampumulia. Sasa mapafu yalikuwa yamepata nafuu. Ilibidi tuipunguze mashine nguvu kidogo kidogo, avute hewa mwenyewe, maana kifua kikibebwa muda mrefu hulegea.

Jaribio la kwanza alishindwa. Pumzi zikawa fupi, mabega yakapanda, mishipa ya shingo ikasimama. Nikamrudishia mashine, nikaenda nyumbani Bulembia nikijihoji njia nzima: niliharakisha? Nilichelewa? Mrija wa kooni ulijipinda nisiuone? Daktari mkubwa alikuwa amesema akishindwa tena, tutamtoboa shingo tumwekee njia ya hewa.

Kesho yake nilianza upya. Tumbo lilipanda na kushuka taratibu. Kisha mdogo wake akaingia, akimwita dada mkubwa kwa Kiswahili cha kwao.

“Jambo, yaya! Uliamuka muzuri? Batoto banakusalimia!”

Mabega yakaruka. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kitufe cha mashine nilipoiona midomo yake ikihangaika kando ya mrija. Hakuwa anachoka. Alikuwa anajibu. Nikakumbuka kwamba jana yake ukoo mzima ulipita pale, kila mmoja na salamu zake.

Alipotulia, nikamtoa mdogo wake nje, nikamwomba yeye na wenzake waingie bila kusalimia.

“Bila kusalimia? Dokta, mimi niko muchawi?”

“Hapana, mama. Anajimaliza kwa kukujibu.”

“Haya. Lakini akipona, ni mimi atatukana, haiko wewe.”

Wakaingia kimya, wakaketi wakitazama ukuta, hata macho yasije yakamsalimia. Mimi nilitazama mishipa ya shingo. Nilijua itasimama wakati wowote. Ikabaki laini. Mchana daktari mkubwa akaja, akamsikiliza kifua, akasema, “Toa.”

Nilipouvuta mrija alikohoa sana, nami nikasubiri huku nikiwaza kila kinachoweza kuharibika. Akapumua. Akapumua tena. Kisha akageuza kichwa, na kwa sauti iliyokwaruza akamwambia mdogo wake:

“Niliamuka muzuri. Na batoto?”

Mdogo wake akafungua mdomo, akaufunga, akanitazama mimi kwanza.