Ngazi za Rocamadour kwa Magoti

Tulikwenda Rocamadour kwa sababu ya nadhiri ya Mama. Tulipokimbia vita Bukavu nilikuwa na miaka minne, homa imenishika njiani. Mama akaapa: nikipona, atapanda kwa magoti, kama wafanyavyo mahujaji, ngazi za mji ule mdogo wa Ufaransa, ambao padre wetu alikuwa na picha yake ukutani. Nilipona. Sasa tunaishi Saint Paul, Marekani, magoti ya Mama yamekwisha, na tangu baridi iliyopita amekuwa akilia kwamba atakufa hajatimiza nadhiri. Nikaomba likizo. Nikamwambia nitapanda mimi kwa niaba yake.

Jumatatu tulipanda ndege hadi Paris, kesho yake treni ya kusini, kisha teksi.

Saa kumi jioni mji ukatokea. Lo! Nyumba zimeng'ang'ania jabali, paa juu ya paa, makanisa juu yake, ngome juu kabisa. Barabara ni moja tu, nayo inapita chini ya malango ya mawe ya karne nyingi. Odette, mwenye nyumba ya wageni, alikipenda Kifaransa chetu cha Bukavu.

"Ukuta huu wa chumba chenu hakuna aliyeujenga," alituambia. "Ni mwamba wenyewe."

Mama akaupapasa. "Aksanti, Madame. Basi upande huu hatutaangukiwa."

Asubuhi nilivaa vile vilinda magoti vya mpira ninavyovaa kazini, maana mimi husafisha sakafu hospitalini. Mama akaviona.

"Weye Amani! Unataka kumfanyia Mungu ujanja?"

Nikavivua. Odette akampeleka Mama kwenye lifti iliyochimbwa ndani ya mwamba, mimi nikaanza kupanda.

Ngazi ni zaidi ya mia mbili. Sakafu nazijua, na hizi nilizitazama kwa karibu kuliko nilivyotaka. Jiwe limelika katikati, laini kabisa, na ngazi zenyewe ni pana, mtu aweze kupumzika. Waashi wale walijua wanamjengea mtu aliyechoka. Suruali ilichanika mapema. Baadaye nililia, na katika kulia nikawashukuru waashi na wote waliotangulia kulainisha njia.

Juu kuna uwanja mdogo, makanisa yamebanana kuuzunguka. Mama alikuwa amesimama akinisubiri.

"Ngazi ya mwisho niachie mimi," akasema.

"Mama, magoti!"

"Nishike, basi."

Nikamshika kwapani. Akapiga goti, akaguna kwa maumivu, akapanda. Tukaingia kanisa la Bikira Maria, akaomba kwa sauti: "Nilikuomba watoto wawili, ukaniachia mmoja. Nilikukasirikia, ndiyo maana nimechelewa. Leo nashukuru kwa huyu Amani. Na Feza wangu nitunzie."

Feza alikuwa dada yangu, aliyefia njiani tulipokimbia vita. Kwa karibu miaka thelathini sikuwahi kumsikia Mama akilitaja jina hilo. Mimi nilidhani tumecheleweshwa na umaskini na makaratasi.

Ijumaa tukarudi Saint Paul. Nimejifunza kwamba mtu anaweza kushukuru kwa moyo wote huku moyo huohuo unamuuma, na namshukuru Mungu aliyemsubiri Mama. Jumapili mezani alilitaja tena jina la Feza. Wanangu wakauliza kwa Kiingereza chao huyo ni nani.

"Shangazi yenu," Mama akajibu. "Sogeeni hapa niwaeleze."