Barua za Bi Mwanakombo

Wallahi sikuwa nimelala, wala sikuwa na homa. Ilikuwa saa nane mchana, jua la kupasua mawe, hapa hapa Likoni, miaka ya tisini ikielekea ukingoni.

Mwalimu Athmani, mzee mstaafu, aliniletea nimhifadhie kwenye kompyuta barua tisa ambazo marehemu mamake, Bi Mwanakombo, aliwaandikia wanawe, kila mmoja yake. Nikazipiga picha kwa skana, na kila faili nikaliita kwa jina la mwana, kwa herufi za Kiarabu kama alivyoandika mama mwenyewe. Bahati mbaya mvua ikapenya paa la Mwalimu, karatasi zikawa uji. Zikabaki picha zangu tu.

Nami nikahamia ule mfumo wa kompyuta wa bure, unaotengenezwa na watu wa kujitolea dunia nzima. Kufungua diski yangu ya zamani, majina yote yamegeuka alama za kuuliza! Nikigusa faili, mashine yanijibu: faili hilo halipo. Hivi, umewahi kumwona mtu mbele yako ukaambiwa hayupo?

Nikasikia harufu ya udi. Kuinua macho, bibi mwenye buibui la kizamani ameketi kando yangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona wanangu umewavua majina?"

Akaweka kidole kwenye kioo. "Huyu Athmani. Huyu Fatuma..." Nikaandika kwenye karatasi. Baada ya wa tisa akauliza, kwa upole, "Na Mwanasiti wangu?"

Nikageukia karatasi nimwandike naye. Kurudisha macho, kiti kitupu. Mlango nilikuwa nimeutia komeo kwa ndani.

Niliwaandikia watengenezaji wa mfumo. Mmoja, nisiyemjua hata sura, akanijibu: iambie mashine majina yaliandikwa kwa jedwali gani la herufi, yaani ile orodha inayoipa kila herufi namba yake. Nikafanya hivyo. Majina tisa yakarudi, kwa mpangilio ule ule wa bibi.

Nilipomsomea Mwalimu jina la kumi, aliketi chini.

"Nani kakutajia Mwanasiti? Ni pacha wangu. Hakufikisha siku arubaini. Barua yake sikukuletea. Naisoma peke yangu."

Akaitoa mfukoni mwa kanzu, akanikabidhi niipige picha, huku akilia na kutabasamu.

Mpaka leo siwezi kufuta faili kabla ya kulisoma jina lake kwa sauti. Mke wangu hunicheka. Nawe unayehamisha vitu vya watu, nisikilize: ukikuta alama za kuuliza, usiseme ni takataka. Tafuta kwanza herufi zake. Huenda ni mtoto wa mtu, na mamake amesimama nyuma yako.