Matangazo Yaliyonifuata Kinjumbi

Mama alikuwa shambani kwenye ufuta siku dada yangu aliponiomba laptopu. Alikuwa ametoka kwa mumewe, kijiji cha Kinjumbi, kuja kwetu Tingi kututazama, na tangu afike alikuwa akizungukazunguka meza yangu kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua. Nilimsogezea kigoda. Akakaa, akaandika kwa kidole kimoja, polepole, kama anachambua mchele. Alipomaliza alinigeuzia kioo nitazame kama ameandika sawa.

Alikuwa ameandika hivi: samahani naomba kuuliza nina miaka sita kwenye ndoa sijashika mimba hata mara moja shida ni nini.

Nilitaka kucheka ile samahani. Dada yangu huomba samahani hata akimpisha mbuzi njiani. Lakini nilipomwona anavyovuta ncha ya kanga yake na kuisokota kidoleni, kicheko kilikufa. Ukweni alikuwa amewaambia kwamba yeye na mumewe wanapanga uzazi, wanasubiri nyumba iezekwe bati kwanza. Nyumba ilikuwa imeshaezekwa. Upande wa mume walikuwa wameanza kusema, tena bila kunong'ona, kwamba kijana wao aongeze mke, na kitu pekee kilichowazuia ni hilo neno lake la kupanga. Siku watakayojua kwamba anahangaika kutafuta mtoto na hapati, neno hilo lingekuwa limekwisha, na yeye angelazimika kumpisha huyo mke mpya.

"Ukimaliza kusoma, futa," aliniambia.

"Nitafuta."

Tulisoma pamoja mchana kutwa. Mirija, homoni, vipimo vya mume ambavyo mume hatavikubali. Tulifungua kurasa nyingi, nyingine za waganga wanaojiita madaktari. Mama aliporudi na tenga lake kichwani tulizifunga zote, na mimi nikaamini kwamba kufunga ni kufuta.

Baada ya muda nilialikwa Kinjumbi. Wifi mkubwa wa dada yangu, ambaye na mimi namwita wifi kwa sababu ya mazoea na utani, alikuwa anamtoa mwali wake, na wanawake wa pande zote mbili walitakiwa kuchagua kanga za sare. Zamani wangekwenda dukani wakabishane mbele ya mwenye duka. Safari hii walimwita msichana mwenye laptopu, kwa sababu kwenye kioo kikubwa kila mtu anaona, na wabishi wanabishana wameketi.

Tulikaa uani, juu ya mikeka. Kando yetu pweza walikuwa wametundikwa kwenye kamba, wanakauka. Dada yangu alikaa nyuma kidogo, anamenya mihogo, kama inavyompasa mke wa nyumba ile. Nilifungua ukurasa wa muuza kanga wa mjini. Kanga ya kwanza ikatokea, nyekundu yenye korosho pembeni, na chini yake, kubwa kuliko kanga yenyewe, ikatokea picha ya tumbo la mwanamke limeshikwa kwa mikono miwili. UNATAFUTA MTOTO? MIMBA NDANI YA MWEZI MMOJA.

Nilipandisha ukurasa juu haraka. Ikaja kanga ya kijani. Pembeni yake tumbo lile lile. Nikafungua ukurasa mwingine, nalo likatufuata huko, safari hii likiwa na chupa ya dawa na mwanamke anayelia kwa furaha.

Mmoja wao akaanza kugeuza shingo kutazama nyuma. Kisha wifi akapiga kofi paja lake.

"Haa! Bibi mwandishi! Kumbe wenzio tunachagua sare, wewe unachagua mtoto!"

"Bila mume?" aliuliza mke wa mjomba wao, mwanamke mwembamba ambaye habari hazilali kinywani mwake.

"Mume wa nini? Siku hizi si wanashusha kwenye mtandao? Unalipia bando, unasubiri, mtoto huyo!"

Wakaangua kicheko. Mmoja alilala kabisa ubavu juu ya mkeka.

"Ndiyo maana na simu yangu inanitukana," wifi aliendelea, akijifuta machozi kwa kanga. "Kila nikifungua, dawa ya uzazi, dawa ya uzazi. Mimi niliyefunga duka zamani! Kumbe ni ya huyu. Si ndiye aliyeniunganishia simu?"

Nilisema ni utafiti, naandika kitabu. Wakacheka zaidi. Mke wa mjomba alinitazama tumboni, akatazama pembeni, akatazama tena.

Nilimtazama dada yangu. Alikuwa ameinamia muhogo mmoja, anaumenya na kuumenya hata umebaki mwembamba kama kidole. Nitaandika nilichotaka pale, kwa sababu bado kinaniuma: nilitaka aseme. Nilitaka anyanyue kichwa aseme ni yeye, ili mimi nitoke pale nikiwa safi. Nilijua neno hilo lingemgharimu ndoa, na bado nililitaka, kwa muda wote uliotosha wanawake wale kumaliza kucheka. Hakusema. Nikamchukia kidogo. Kisha nikajichukia.

Habari ilifika Tingi kabla yangu. Mama alinikuta jikoni, akafunika chungu ambacho hakikuhitaji kufunikwa.

"Mwanangu, kuna jambo unataka kuniambia?"

"Hakuna, mama."

"Sitakupiga. Wewe ni mtu mzima."

"Mama, hakuna."

Akaitikia kwa kichwa. Tangu siku hiyo akawa ananipakulia chakula kingi, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yangu. Ningeweza kumwambia ukweli, lakini mama hajui kuficha. Angekwenda kwa mwanawe akilia njia nzima, na Kinjumbi wangejua kilio ni cha nini.

Basi nikafanya ambalo mtu wa kizazi changu hufanya akiaibika: nilijifungia chumbani na kutafuta dawa kwenye mashine ile ile iliyoniaibisha. Nilikuwa nimesikia kuna viendelezi, vijiprogramu vidogo vinavyobandikwa kwenye kivinjari ili vizuie matangazo na kuwafukuza wanaokunusa nyuma. Nilifungua ghala la viendelezi nikakuta utitiri. Kila kimoja kina picha ya ngao. Kila kimoja kinasema ni cha bure, ni cha haraka, ni cha kuaminika. Nilichagua chenye ngao nzuri kuliko zote, ya buluu. Kikaniomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data yangu yote kwenye tovuti zote. Mtu mwenye aibu hasomi masharti. Nikakubali.

Kesho yake ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa umebadilika. Matumbo yameondoka, na mahali pake pana kamari. Nilikuwa nimemfukuza mbea mmoja na kumkabidhi mwingine funguo za nyumba.

Nilimpigia rafiki yangu wa Dar, mmoja wa kundi letu tunaosomeana miswada, ambaye anaishi kwa kutengeneza tovuti. Nilimwambia tu kwamba matangazo yananisumbua.

"Umeweka cha buluu?" aliuliza, nikasikia anavyojizuia kucheka. "Dah, mwandishi, umepigwa. Kitoe sasa hivi. Halafu usichague kwa picha. Tazama nani amekitengeneza na anakula wapi. Kama hakuuzii kitu, jiulize anauza nini."

Alinieleza kwa subira. Kuna vizuizi ambavyo huchukua fedha kwa wenye matangazo na kuwapitisha mlango wa nyuma. Kuna ambavyo vilikuwa vyema, kisha vikauzwa, na mnunuzi akageuza kila kitu ndani huku jina likibaki lile lile. Na kuna vichache ambavyo watu hujitolea kuvitunza, ambavyo ufundi wake uko wazi kila fundi aukague. Ruhusa ile ya kusoma kila kitu hata hivyo vizuri huiomba, maana huwezi kuzuia usichokiona. Ndiyo sababu uchague wa kumpa kwa makini, kama unavyochagua wa kumwachia mtoto. Akaniambia niweke kimoja, nisirundike kumi, kwa sababu vinagombana, na tena mwenye kumi hutambuliwa upesi na hao wanaonusa kuliko asiye na kimoja.

Niliweka kimoja. Alama yake haivutii hata kidogo. Nilifungua ukurasa wa muuza kanga na kanga zikatokea peke yake, moja chini ya nyingine, na ukimya kati yake. Nilikaribia kulia kwa sababu ya ukimya ule.

"Lakini," rafiki yangu alisema, "hiki kinaziba hapo tu, kwenye hiyo laptopu. Ulichokwishatafuta kiko kwenye akaunti yako. Simu yoyote yenye akaunti hiyo inakiona. Umeingia kwenye simu ngapi?"

Nilishusha simu sikioni.

Mimi ndiye fundi wa simu wa ukoo. Yeyote akinunua simu ya kupangusa huletwa kwangu niiwashe, na simu ikiuliza baruapepe, mwenye simu hunitazama, nami naandika yangu. Kwetu hivyo ndivyo mambo yanavyofanywa. Kumfungulia shangazi akaunti yake, umkaririshe na neno la siri, ni kumtesa. Simu ya mama inatumia akaunti yangu. Ya dada pia. Na ya wifi.

Ndiyo kusema wifi hakuwa anapata matangazo tu. Akigusa kile kisanduku cha kutafutia, simu ingemwonyesha yaliyotafutwa karibuni, neno kwa neno. Samahani naomba kuuliza nina miaka sita kwenye ndoa. Mimi sina ndoa. Hata mke wa mjomba angepiga hesabu hiyo.

Nilifuta yote kutoka chumbani kwangu, palepale. Lakini yalikuwa yamekaa wazi wiki nzima na zaidi, na nilitaka kuitoa akaunti yangu ndani ya simu ile kwa mkono wangu mwenyewe. Asubuhi nilipanda pikipiki kwenda Kinjumbi.

Wifi alikuwa anageuza pweza kwenye kamba.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Mtoto ameshashuka, au bando limekata?"

"Naomba simu yako. Niliiunganisha vibaya, ndiyo maana inakusumbua."

Alijifuta mikono, akaitoa kifuani, akanipa. Nikakaa kizingitini. Nilifungua mipangilio, nikaitafuta akaunti yangu, nikawa naitoa. Alisimama mbele yangu, kivuli chake kimefunika kioo.

"Umeshafuta lile swali la dada yako?" aliuliza.

Sikunyanyua kichwa. Nikaendelea kubonyeza kioo.

"Nililisoma tangu siku za mwanzo. Nasoma polepole, lakini nasoma. Samahani naomba kuuliza. Nani mwingine anauliza mashine hivyo?"

"Basi kwa nini ulinicheka mimi mbele ya watu?"

"Ulitaka nimcheke nani?" Alisema kwa sauti ya chini, akitupa jicho uani, ambako dada yangu alikuwa anachota maji pipani. "Ulimwona mke wa mjomba alivyokuwa ameshaanza kutazama nyuma, kwenye mihogo? Angefika kwa kaka yangu kabla chungu hakijachemka. Nikamtupia wewe. Wewe hata wakisema una mimba, miezi tisa itapita, watajionea wenyewe tumbo halipo. Yeye wakimsema, harudi ndani ya nyumba hii."

Nilikuwa nimemtukana wifi moyoni njia nzima ya kurudi Tingi siku ile. Nilikuwa nimeanza hata kumwandika: mwanamke mnene mwenye mdomo, katika sura ya tatu, na nilikuwa nimemwandika vizuri, kwa raha.

"Naye asijue kuwa najua," akasema. "Akijua hataweza kula chungu kimoja na mimi. Namfahamu. Ataomba samahani mpaka afe."

Nilimfungulia akaunti yake mwenyewe. Nikamwekea kivinjari kinachokubali viendelezi hata kwenye simu, na ndani yake kizuizi kile kile chenye alama isiyovutia. Aliniuliza kazi yake, nikamwambia kinazuia watu wasijue anachotafuta. "Mimi natafuta bei ya ufuta," akasema, "wajue tu." Lakini alikaa karibu yangu, akakariri neno lake la siri mara nyingi, midomo ikicheza.

Dada yangu alinisindikiza hadi barabarani. Aliniuliza tulipokwisha kuvuka nyumba ya mwisho.

"Umefuta?"

"Nimefuta."

"Na wifi hakuona?"

Alikuwa amesimama mbele yangu, mikono bado na maji ya pipani, macho yote kwenye mdomo wangu.

"Hakuona," nikasema.

Alivuta pumzi ndefu, kisha akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu aolewe. Akanishika mkono. "Afadhali mdomo mwingi lakini kusoma hajui," alisema. "Mwanamke yule angejua kusoma vizuri, ningekuwa nimeshafungasha."

Akaendelea kucheka, akinitazama nicheke naye. Nikacheka.